Sikio halizoei kelele

Vijana wanaokuja kujifunza useremala kwangu, nikiwaambia wavae vizibo vya masikio kabla ya kuwasha mashine, hunijibu kitu kile kile: "Aa fundi, mimi nimeshazoea." Wanasema kwa fahari. Mwingine hata wiki mbili hana tangu aguse msumeno wa umeme, lakini ameshazoea. Sibishani naye siku hiyo. Namsubiri kwenye redio.

Redio yetu iko juu ya rafu, karibu na mlango wa karakana. Ni ya kizamani, ina kitufe cha kuzungusha chenye tarakimu pembeni. Asubuhi, kabla hatujawasha chochote, namwambia mgeni akae kwenye benchi na aseme sauti iwekwe wapi ili amsikie msomaji wa habari bila kujikaza. Tuseme ameridhika na 3. Naweka alama ya penseli. Jioni mashine zikishazimwa namrudisha kwenye benchi lile lile, kitufe kikiwa kwenye 3 ile ile. Aliyeshinda na masikio wazi hukunja uso, halafu utamwona ananyanyuka kwenda kuongeza. Kituo ni kile kile, chumba ni kile kile, na betri ni zile zile za asubuhi. Kilichoshuka ni usikivu wake.

Hapo ndipo namwambia kwamba huko ndiko kuzoea kwenyewe. Mashine inaonekana imepunguza ukali kwa sababu masikio yake yamepunguza kusikia. Kiganja kikisuguliwa na mpini wa nyundo huota sugu, na sugu inakilinda kiganja. Sikio haliwezi kuota sugu. Linapigwa, linachoka, linapigwa tena.

Ndani kabisa ya sikio, ukishapita ngoma na vile vijifupa vitatu (kimojawapo ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini, kama milimita 3 hivi), kuna kijibomba kilichojisokota na kujaa majimaji, kinaitwa koklea. Humo mna seli zipatazo 15,000 kwa kila sikio, na juu ya kila seli vimesimama vinyweleo ambavyo huwezi kuviona kwa macho. Sauti ikitikisa yale majimaji, vinyweleo vinapinda, na kupinda huko ndiko kunakogeuzwa kuwa ishara za umeme zinazopanda kwenye ubongo. Kelele kubwa huvipindisha kupita kiasi na kuzichosha seli zenyewe. Zikipata utulivu wa saa kadhaa, au siku moja mbili, nyingi hurudia hali yake, ndiyo maana kesho yake asubuhi kijana wangu anarudi kwenye 3 na kuniona mimi mzee mwoga. Zikinyimwa utulivu, zinakufa. Na zikifa hazioti tena. Hizo ulizozaliwa nazo ndizo utakazozeeka nazo. Katika hili kuku katuzidi. Kuku akipigiwa kelele hadi seli hizo zife, huota nyingine ndani ya wiki chache. Watafiti waligundua hilo miaka ya 1980, na mpaka leo wanahangaika kutafuta namna ya kuamsha uwezo kama huo ndani ya sikio la binadamu.

Tena hata huko kurudia hali kwenyewe kuna walakini. Mwaka 2009 Sharon Kujawa na Charles Liberman, watafiti wa Boston, waliwapigia panya kelele ya desibeli 100 (desibeli ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 2 tu. Baada ya siku kadhaa panya wale wakapimwa, wakaonekana wanasikia vizuri kama kawaida. Lakini watafiti walipozitazama zile sehemu seli zinapoungana na mishipa ya fahamu, wakakuta katika baadhi ya maeneo karibu nusu ya maungio hayo yamepotea, na hayakurudi. Hao ni panya, najua, na binadamu si panya. Ila tangu nilipojua habari hiyo, maneno ya "masikio yalilia kidogo tu, kesho yake yakapona" nayapokea kwa shaka. Huenda mlio umeondoka na kuna kitu kimeondoka pamoja nao.

Fundi aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu, masikio yake yalikuwa yamekwisha miaka mingi kabla yeye mwenyewe hajakubali. Ukimpigia mluzi hageuki, lakini lori likipita barabarani yeye ndiye wa kwanza kusema kuna lori. Alikuwa akilalamika kwamba watu wa siku hizi wanamung'unya maneno. Waliomkera zaidi ni wajukuu zake: "Hawa watoto hakuna aliyewafundisha kuongea." Mtu mwenye sauti nzito walielewana bila taabu, kwa hiyo mzee alikuwa na ushahidi mkononi kwamba kasoro iko kwa wajukuu.

Ile si kiburi ya uzee. Kelele haili usikivu wote kwa pamoja. Inaanzia juu, kwenye sauti nyembamba, na mahali pake pa kwanza kabisa ni karibu na hezi 4,000 (hezi ni idadi ya mitikisiko ya sauti kwa sekunde; zikiwa nyingi, sauti ni nyembamba). Tundu la sikio, kwa urefu wake wa kama sentimita 2.5, lina tabia ya kukuza sauti za jirani na hezi 3,000, na madhara hutokea juu kidogo ya pale. Sasa tazama lugha yetu. Irabu ni nzito na zina nguvu, zinabaki. Konsonanti kama s, f, t na sh ni nyembamba na dhaifu; zinaondoka. Mwambie mtu wa namna hiyo neno "saa" ndani ya chumba chenye watu wengi. Atakachosikia ni "aa" ndefu yenye pengo mbele. Yaweza kuwa taa, yaweza kuwa kaa, faa, paa. Anabahatisha kwa kufuata mazungumzo yanakoelekea, akikosea watu wanacheka. Mzee wangu alikuwa akicheka vichekesho baada ya wengine wote kumaliza, kwa kutazama nyuso. Mwishoni akawa hakai na watu tena, anasema wana kelele. Na kumpigia makelele haikusaidia sana, kwa sababu mtu anapopaza sauti anachokikuza zaidi ni irabu, ambazo mzee hakuwa na shida nazo.

Wala si ugonjwa mpya. Mwaka 1886 daktari Thomas Barr wa Glasgow, Uskochi, aliwapima mafundi 100 waliokuwa wakiunda matangi ya mvuke. Kazi yao ilikuwa kugongea ribiti, yaani misumari ya kuunganishia vyuma, na mara nyingine mmoja alilazimika kukaa ndani ya tangi akishikilia ribiti huku wenzake wakigonga kwa nje. Barr alitumia mlio wa saa ya mfukoni: unaisogeza karibu na sikio, unaangalia mtu anaanza kuisikia kwenye umbali gani. Katika wale 100 hakupata hata mmoja mwenye usikivu wa kawaida. Na nina hakika ukiwauliza, walikuwa wameshazoea.

Sasa hesabu, na naomba usiikimbie. Desibeli haziendi kama kilo. Zikiongezeka 3 tu, nguvu ya sauti inayoingia sikioni inakuwa maradufu. Zikiongezeka 10, imekuwa mara kumi. Lakini sikio lenyewe linaona ongezeko hilo la 10 kama sauti imekuwa mara mbili hivi. Hapo ndipo watu wanaponaswa, maana kipimo cha madhara kinapanda haraka kuliko kipimo cha kero. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, NIOSH, imeweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Ukipanda hadi 88, muda unakatwa nusu, saa 4. Kwenye 91 ni saa 2. Kwenye 94 ni saa moja, kwenye 97 nusu saa, na ukifika 100 una dakika 15 tu, siku nzima imekwisha.

Simu yangu ina programu ya kupima desibeli. Si kipimo cha maabara, na maikrofoni ya simu huanza kubabaika sauti ikizidi sana, lakini kwa kujua uko upande gani wa mstari inatosha. Randa ya mkono ya umeme, nikiwa nimeinama juu yake, inaonyesha kati ya 97 na 100. Piga hesabu mwenyewe: robo saa mpaka nusu saa. Mlango mmoja wa mbao ngumu unataka zaidi ya hapo kabla hata hujafikia msasa. Ukiwa huna simu ya namna hiyo, tumia mdomo. Simama hatua moja kutoka kwa mwenzako, mkono mmoja wa umbali. Kama inakubidi upaze sauti ndipo akusikie, mahali hapo pameshafika 85 au pamepita.

Ninachotaka ukione katika hesabu hii ni kwamba sikio halina habari kwamba saa za kazi zimekwisha. Kijana anatoka kwangu jioni anapanda pikipiki. Anadhani kofia inamkinga, kumbe kelele kubwa humo ndani ni ya upepo unaopita kwenye ukingo wa kofia. Mwendo wa kilomita 100 kwa saa unaweza kupitisha 95 hata injini iwe kimya kiasi gani. Njiani kaweka spika za masikioni chini ya kofia, na ili muziki uushinde upepo ni lazima auweke juu ya upepo. Akifika nyumbani kuna blenda, kuna draya ya nywele karibu kabisa na sikio la dada yake, kuna jenereta ya jirani. Kila kimoja peke yake ni kitu kidogo. Ila vyote vinajumlishwa kwenye siku ile ile ambayo randa ilishaimaliza saa nne asubuhi.

Spika za masikioni zinastahili maneno zaidi kidogo, kwa sababu ndizo kelele pekee ambayo mtu anajiwekea mwenyewe, anaipenda, na inaziba tundu lenyewe. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba vijana zaidi ya bilioni 1 wenye umri wa miaka 12 hadi 35 wako katika hatari ya kuharibu usikivu kwa namna wanavyosikiliza muziki na burudani. Kiwango ambacho WHO na shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, walikubaliana ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na 75 kwa saa hizo hizo kwa mtoto. Kumbuka ni kwa wiki. Ushauri wao mwepesi ni kutovuka asilimia 60 ya sauti ya kifaa.

Binti yangu hakuwa akivuka asilimia 60 akiwa chumbani. Anavuka ndani ya basi. Basi lenyewe lina kelele zake, na mtu hataki tu kusikia muziki, anataka muziki uifunike injini. Basi likisimama kwenye foleni na injini ikazimwa, abiria wa kiti cha nyuma wanasikia wimbo wake mpaka maneno. Kwa hiyo kumwambia mtu "punguza sauti" ni nusu ya ushauri. Nusu ya pili ni kuzuia kelele ya nje isiingie. Zile zenye ncha ya mpira laini inayoziba tundu vizuri, au hedifoni zenye mfumo wa kufuta kelele, zinamwezesha mtu asikie wimbo ule ule kwa sauti ya chini zaidi. Mfumo huo wa kufuta kelele unaweza sana ngurumo za kuendelea kama za injini na ndege. Mlio wa ghafla au mwembamba unaupita. Usije ukazivaa kwenye msumeno ukadhani umejikinga. Simu nyingi pia zina sehemu ya kuweka kikomo cha sauti, ipo kwenye mipangilio. Iweke mara moja, usiitegemee nia njema ya kila siku.

Na vitoto vidogo. Mwanasesere anayelia, gari la polisi la plastiki: tatizo lake ni kwamba mkono wa mtoto ni mfupi na anapenda kukiweka kitu sikioni. Kelele ambayo kwako uliyesimama mlangoni ni kero tu, kwake iko sentimita 2 kutoka kwenye ngoma. Bandika utepe wa gundi juu ya tundu la spika. Mtoto hatajua, na wewe utapumua.

Nije kwenye vizibo, maana hapa ndipo ninapoona pesa na nia vikipotea bure kuliko mahali pengine popote. Kile cha sifongo, cha rangi ya machungwa au njano, ni kitu kizuri sana kikivaliwa vizuri, na ni pambo kikivaliwa vibaya. Wengi wanakivaa vibaya. Wanakisukuma kwa kidole kama wanavyosukuma kizibo cha chupa, kinaingia nusu, kinavimba pale mlangoni, na wao wanakuja kuniambia hakisaidii.

Fanya hivi. Nawa mikono kwanza. Vumbi la mbao na vanishi havina kazi ndani ya sikio. Kisokote kizibo kati ya vidole, polepole mwanzoni halafu kwa kukaza, mpaka kiwe kijiti chembamba kisicho na mkunjo. Mkunjo ukibaki, hiyo ni njia ya kelele. Sasa pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, shika ncha ya juu ya sikio, livute juu na nyuma. Tundu la sikio limepinda, na kulivuta hivyo kunalinyoosha. Kikiwa bado chembamba kiingize, chote kisipokuwa ule mwisho wa kushikia, kisha kizuie kwa ncha ya kidole kwa sekunde 20 hadi 30 kikifumuka humo ndani. Watu hawana subira ya sekunde 30. Mimi nimewafundisha wahesabu kwa sauti, kwa sababu sauti yao yenyewe ndiyo itakayowaambia: mwanzoni inasikika ya kawaida, kuelekea 20 inaanza kuwa nzito na kuvuma ndani ya kichwa. Ikifika hapo kimekaa. Jaribu jingine, mashine ikiwa inaunguruma, funika masikio yote mawili kwa viganja. Kama kelele imeshuka sana ulipofunika, vizibo havijakaa, anza upya. Kukitoa, kizungushe taratibu. Ukikichomoa ghafla ngoma inavutwa.

Pamba? Karatasi ya chooni iliyosokotwa? Vinapunguza desibeli chache tu, na vinakupa moyo wa kukaa kwenye kelele muda mrefu zaidi. Afadhali mtu asiye na kitu kabisa, huyo angalau anajua hana kitu.

Namba iliyoandikwa kwenye pakiti, ya desibeli ambazo kinga inapunguza, nayo uipokee kwa tahadhari. Utaona 25, utaona 33. Hiyo ilipatikana maabara, kwa watu waliovalishwa chini ya usimamizi. NIOSH iliwahi kupendekeza kwamba ukitaka kukisia hali halisi, vifunika masikio vya nje, vile vya duara vyenye utepe juu ya kichwa, uvikate robo ya namba yake, vizibo vya sifongo uvikate nusu, na vizibo vingine uvikate asilimia 70. Kuvaa vyote viwili pamoja hakujumlishi namba. Unapata kama 5 za ziada, basi. Na wenye miwani: mkono wa miwani unapita chini ya mto wa kifunika sikio na kuacha ufa. Mimi navaa miwani ya kukinga vumbi siku nzima, ndiyo maana nikachagua sifongo.

Lakini kuna hesabu moja ambayo iliwatuliza hata wabishi wangu, na unaweza kuifanya kwa kalamu. Chukua kinga nzuri kabisa, ya desibeli 30. Ivae saa 8 za kazi, ila ivue nusu saa tu kwa jumla: dakika mbili za kuongea na mteja, tano za kupokea simu, kupima mbao huku mwenzako anakata. Nusu saa ni sehemu moja ya 16 ya siku. Hata kama saa zile nyingine zote hakuingia sauti hata kidogo, umepokea sehemu moja ya 16 ya kelele ya siku, nayo kwa desibeli ni punguzo la 12 tu. Umelipia 30, umepata 12. Kwa hiyo kinga bora ni ile utakayoweza kukaa nayo bila kuivua. Ikikubana, ikikuwasha, ikikufanya ujihisi uko chini ya maji, utaivua. Bora ya 20 isiyovuliwa.

Kuna kosa la upande wa pili pia. Mtu akishaogopa, anaanza kuvaa vizibo hadi sokoni na mezani. Sikio likinyimwa sauti za kawaida kwa muda mrefu huanza kuziona kubwa; sahani ikigongana anashtuka. Na karakanani kujiziba kupita kiasi ni hatari, maana ni lazima mtu asikie nikisema "Zima!" Lengo langu ni kile kinachofika sikioni kiwe kati ya 75 na 80. Kimya kabisa hakihitajiki.

Kabla ya kinga yoyote, mimi huangalia mashine. Hili vitabu vya usalama wanalisema kwa lugha ngumu, lakini kila fundi analijua kwa mikono yake. Meno ya msumeno yaliyo butu yanapiga kelele kuliko makali. Ubao usiobanwa unatetemeka na kulia. Ubane, kelele inashuka na mkato unanyooka. Beringi iliyokwisha inajitangaza yenyewe. Kompresa niliihamishia nje ya ukuta, na bomba lake likaja ndani. Hilo peke yake lilibadilisha jengo zima kuliko pakiti yoyote ya vizibo. Bomba la upepo la kupulizia vumbi nimelipiga marufuku isipokuwa pale brashi inaposhindwa, kwa sababu ule mlio wake mwembamba unaanguka pale pale kwenye masafa ambayo sikio linaanzia kufa. Na umbali ni dawa ya bure. Mahali pa wazi, ukiuzidisha umbali mara mbili kutoka kwenye chanzo, desibeli 6 zinaondoka. Ndani ya kuta ni pungufu ya hapo maana sauti inarudi, lakini asiye na kazi kwenye mashine hana sababu ya kusimama karibu nayo.

Kwenye sherehe na muziki wa jukwaani kanuni ni hiyo hiyo: usikae mbele ya spika. WHO mwaka 2022 ilitoa kiwango cha kumbi za burudani, wastani usiozidi desibeli 100 ukipimwa kwa dakika 15, na kumbi ziwe na sehemu tulivu ya watu kupumzisha masikio. Kumbi nyingi nilizoingia hazijasikia habari hiyo. Kwa hiyo sehemu tulivu naijua mwenyewe, ni nje, na natoka mara kwa mara bila kuaga. Vizibo naweka kwenye mfuko wa shati. Wapo wanamuziki wanaovaa vya aina maalumu vinavyoshusha sauti zote kwa usawa ili muziki usigeuke matope, na mtu anayekwenda kwenye matamasha kila wiki ningemshauri avinunue.

Fataki, bunduki na nyundo juu ya chuma ni jambo la peke yake. Sikio lina msuli mdogo unaokaza vile vijifupa kelele ikizidi, lakini unachelewa, sehemu ndogo tu ya sekunde, na mlipuko umeshapita. Ikivuka 140 hakuna cha kusema saa ngapi wala dakika ngapi. Mara moja inatosha. Huko vizibo huvaliwa kabla, au unakaa mbali.

Mambo machache ya hospitali niyataje upesi. Ukiamka sikio moja halisikii ghafla, bila mafua wala nta, usisubiri lifunguke lenyewe. Nenda siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa zilizopo zinafanya kazi zikiwahi. Baadhi ya dawa, kama gentamicin (antibiotiki) na cisplatin (ya saratani), zenyewe zinaweza kudhuru masikio, na kelele ikiongezeka juu yake madhara huzidi. Mwambie daktari unafanya kazi gani. Mlio wa masikio usiokoma hauna kidonge kilichothibitishwa kuuondoa, wauzaji waseme watakavyo, ingawa wataalamu wana njia za kumsaidia mtu kuishi nao bila kuteseka.

Na pima. WHO ina programu ya simu iitwayo hearWHO, inakusomea tarakimu katikati ya kelele nawe unaziandika. Inafaa kwa kuanzia. Kipimo chenyewe hasa ni kile cha kwenye chumba kisichopitisha sauti, unabonyeza kitufe kila usikiapo mlio. Wanakupa grafu: duara nyekundu ni sikio la kulia, msalaba wa bluu ni la kushoto. Yangu imenyooka vizuri, halafu kwenye 4,000 mistari yote miwili inazama kidogo na kupanda tena kwenye 8,000. Mtaalamu alitazama shimo lile akaniuliza, "Unafanya kazi na mashine gani?" kabla sijamwambia kazi yangu. Nakala ninayo ukutani karakanani, karibu na redio, na kila mwaka naweka mpya pembeni yake kuona kama shimo linachimbika zaidi.

Ukienda kupima, usitoke kazini moja kwa moja. Masikio yaliyochoka yatakupa grafu mbaya kuliko ulivyo. Kwa kipimo cha kwanza cha mfanyakazi, kanuni za Marekani zinataka awe amekaa saa 14 mbali na kelele za kazi. Mimi huchukua nafasi ya Jumatatu asubuhi, na Jumapili yake siguswi na blenda, pikipiki wala harusi ya mtu.